Mvua ya Jumapili

Ninyi vijana mliochukua kazi ya kupima mvua, nasikia mnaambiwa mje kwangu kujifunza kwa sababu mimi ni mvumilivu na mwaminifu. Uvumilivu nakubali. Hilo la pili ngojeni kwanza nisimulie, kisha mtaamua wenyewe kama mtaendelea kunisalimia kwa heshima. Na kabla sijafika huko jueni jambo moja: nina wivu. Nilikuwa nao kazini, nimestaafu nao, na leo asubuhi nimeamka nao. Ninayemwonea wivu ni Mwalimu Anzelma wa Kitahana, kule Kibondo, ambaye mimi mwenyewe nilimfundisha kushika gilasi ya kupimia.

Nianze na kazi yenyewe, maana ninyi mmepewa mashine inayotuma mvua kwa simu na sidhani kama mmewahi kulowa. Kipimamvua chetu kilikuwa kopo refu la bati lililofukiwa nusu ardhini. Juu lilikuwa na faneli, ndani chupa. Kila siku saa tatu kamili asubuhi unanyanyua faneli, unamimina maji ya chupa kwenye gilasi, unapiga goti hadi jicho liwe sawa na maji, unasoma ni milimita ngapi, unaandika. Mvua ikizidi chupa, yanayofurika yanabaki kwenye kopo la nje, nayo unayapima na kujumlisha. Daftari lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya mvua, na safu pana ya maelezo, ambayo mimi niliiona ni ya watu wenye maneno mengi. Mwisho wa mwezi unajaza fomu na kuipeleka idara ya hali ya hewa, Kasulu mjini. Nilifanya hivyo pale Makere maisha yangu yote ya kazi.

Aliyenifundisha ni Bwana Kilenza, mtu mfupi aliyevaa koti hata wakati wa kiangazi. Siku aliyonikabidhi kipimamvua alikizunguka kwa hatua, akasema kitu chochote kirefu kilichosimama karibu ni mwizi wa mvua. Nyumba ikiwa na urefu wa mita nne, kipimamvua kikae mita nane mbali nayo. Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na alipoondoka nikasahau. Mke wangu, Mama Yustina, akapanda mgomba palepale karibu kwa sababu mahali pale palikuwa pamepaliliwa vizuri. Mgomba hauna haya. Haukumaliza mwaka ukanipita urefu. Msimu ule nikaandika mvua ndogo kuliko zote nilizowahi kuandika, nikapeleka fomu, na huko idarani wakaanza kuzungumzia ukame wa Makere. Watu wa Makere wakati huo walikuwa wanatembea kwenye tope mpaka kwenye vifundo. Bwana Kilenza alikuja na baiskeli yake, akatazama jani la mgomba lililolala juu ya faneli, akaniomba panga. Aliukata mbele ya Mama Yustina. Ndizi zilikuwa zimebakiza kama mwezi mmoja kukomaa, na nilinuniwa mpaka ule mwezi ukaisha.

Mengine nilijifunza kwa kuumbuka mwenyewe. Mvua ya mawe haipimwi mpaka iyeyuke. Ukiwa na haraka, pima maji ya vuguvugu kwenye gilasi, yamimine juu ya mawe, kisha toa kiasi hicho katika jumla. Mimi mara ya kwanza nilisahau kutoa, nikaiandikia Makere mvua ambayo nusu yake ilitoka kwenye birika langu. Angalieni nyigu, wanapenda kujenga ndani ya faneli. Angalieni kuku pia. Na msisome gilasi mkiwa mmesimama, hata kama suruali ni mpya. Ukisimama unaona maji yako juu kuliko yalivyo, na hapo tayari umeshasema uongo mdogo asubuhi kabla ya chai.

Sasa Anzelma. Yeye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na idara iliamua kuweka kipimamvua shuleni kwao. Nikatumwa mimi kumfundisha. Nilisafiri na basi hadi Kibondo, nikalala, asubuhi nikafika Kitahana nimechomekea shati, maana nilijua naenda kuwa mtaalamu mbele ya walimu. Anzelma alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwangu kwa umri, mwenye tabia ya kukutazama mpaka umalize kusema ndipo aulize. Nikamwonyesha kila kitu. Akapiga goti kwenye majani mabichi bila kutandika hata kanga. Kisha akaniuliza, "Kaka Filbert, na nikikosa kupima siku moja niandike nini?"

"Usikose," nikamwambia.

"Naelewa, kaka. Lakini nikiugua?"

"Usiugue."

Walimu wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. Yeye hakucheka. Aliandika kitu kwenye karatasi, akakunja, akaweka mfukoni. Nilirudi Makere nikiwa nimeridhika kabisa na majibu yangu.

Haikupita miaka mingi jina lake likaanza kusikika kuliko langu. Wageni wa idara waliokuja mkoani walipelekwa Kitahana. Redio ikamhoji. Akapewa gilasi mpya wakati yangu ilikuwa na ufa nilioufunga kwa plasta ya kidonda. Halafu idara ikatoa kalenda, na mwezi wa Novemba, mwezi ambao mvua zetu zinakolea, ulikuwa na picha ya Anzelma amepiga goti kando ya kipimamvua. Kalenda hiyo ilitundikwa kwenye duka la Mzee Salum pale Kasulu mjini, nilikokuwa nanunua sukari, na Novemba ilipokwisha Salum hakufunua ukurasa, akasema picha hiyo inamletea wateja. Basi mimi nikahama duka. Kwa karibu mwaka mzima nilinunua sukari mbali, yenye sisimizi, na Mama Yustina alipouliza nilimwambia Salum amepandisha bei. Salum wa watu hakuwa amepandisha chochote.

Kilichoniuma zaidi ni daftari lake. Nililiona siku tulipokutana idarani kupeleka fomu, nikaomba nilitazame, nikafurahi. Lilikuwa limejaa mapengo. Kwenye safu ya mvua palikuwa na mistari mitupu, na kwenye ile safu pana ameandika: "Sikupima, mtoto anaumwa." "Sikupima, mazishi." "Ya siku mbili kwa pamoja, nilikuwa Kibondo." "Ng'ombe amepiga kopo teke, maji yamemwagika, sijui kiasi gani." Nikamrudishia nikijisemea kwamba huyu ndiye wanayemtia kwenye kalenda. Daftari langu halikuwa na pengo hata moja. Nilipiga mistari kwa rula, na kila siku ilikuwa na namba yake.

Hapa ndipo penye aibu, kwa hiyo niacheni niseme taratibu. Mimi nilikuwa naimba besi kwenye kwaya ya parokia, na misa yetu ya kuimba ilianza saa tatu asubuhi. Saa tatu hiyohiyo. Jumapili tulitoka nyumbani mapema kwa ajili ya mazoezi, na baada ya misa palikuwa na kikao cha kwaya au harusi au vyote viwili. Ningeweza kumwachia Mama Yustina apime, lakini tangu ule mgomba sikumwamini karibu na kipimamvua, na yeye tangu ule mgomba hakutaka hata kukiangalia. Kwa hiyo Jumatatu nilikuwa nakuta maji ya siku mbili ndani ya chupa. Nayagawa nusu kwa nusu: nusu naandika Jumapili, nusu Jumatatu. Jumla ya mwezi inabaki ileile, hakuna tone lililopotea, daftari linapendeza. Nilifanya hivyo kila Jumapili yenye mvua, mwaka baada ya mwaka, na sikujiona kama mwongo hata siku moja. Nilijiona mtu nadhifu.

Simu za mkononi zilipoenea tukaanza mchezo mwingine. Asubuhi, hasa Jumatatu, mimi nilimpigia Anzelma au yeye alinipigia, tuulizane kwako ngapi. Yeye alikuwa anauliza tu kama mtu anayetaka kujua. Mimi nilikuwa nashindana. Kwangu ikiwa ndogo nilijifanya mtandao unasumbua. Kwangu ikiwa kubwa nilipiga simu kabla hata sijakausha gilasi.

Sasa ikaja ile Jumapili. Tulikuwa Kasulu mjini kwenye harusi ya mwanakwaya mwenzetu, na huko ilinyesha rasharasha ya kawaida. Mama Yustina alibaki nyumbani kwa sababu mguu ulikuwa unamsumbua. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa juu ya meza, magunia ya maharage yako juu ya kitanda, na sakafuni kuna tope jekundu mpaka kwenye mlango wa chumbani. Aliniambia ilianza saa nane mchana na saa kumi ikakoma, na kwamba kwa muda aliusukuma mlango kwa mgongo ili maji yasiingie, kisha akaachia kwa sababu yalikuwa na nguvu kuliko yeye. Ukuta wa jikoni kwa jirani yetu ulikuwa umelala chini. Mahindi ya bondeni hayakuwepo.

Jumatatu saa tatu nikafungua kipimamvua. Chupa ilikuwa imejaa, na kopo la nje nalo lilikuwa na maji mengi ambayo sikuwa nimewahi kuyaona humo. Nikapima gilasi baada ya gilasi. Ikapita mia, ikaendelea. Na mimi, nisikilizeni vizuri, kabla sijaenda kumsaidia jirani kuokota matofali yake, nilitoa simu nikampigia Anzelma.

"Mwalimu, leo nimekupita," nikamwambia. "Imezidi mia, ya saa mbili tu, saa nane mpaka saa kumi. Hiyo ya kwako ya Ijumaa si kitu."

"Pole, kaka," akasema. "Mama Yustina mzima?"

"Mzima. Nasema imezidi mia."

"Nimesikia, kaka."

Nilipokata simu nikaketi kuandika, na mkono ukasita. Niliwahi kuandika namba kubwa zamani, nikaletewa barua kutoka idarani: eleza mazingira, eleza ulipima saa ngapi, eleza siku iliyotangulia ulipima saa ngapi. Na safari hii siku iliyotangulia ilikuwa Jumapili. Sikutaka barua nyingine kama ile. Nikashika rula, nikapiga mstari, nikagawa. Hamsini na kitu Jumapili, hamsini na kitu Jumatatu. Safu ya maelezo nikaiacha nyeupe. Mama Yustina alipoleta chai akaniuliza nimeandika ngapi, nikamwambia hamsini na kitu. Akaweka kikombe chini, akasema, "Baba Yustina, mimi nilikuwa nimeegemea ule mlango." Nami nikanywa chai.

Miaka ikaenda. Nikastaafu, na Anzelma akastaafu baadaye kidogo, na sherehe yake ilikuwa kubwa kuliko yangu. Nikadhani mashindano yamekwisha. Kumbe yalikuwa yamekaa kitako yananisubiri.

Msimu uliopita wakaja watafiti. Kiongozi wao alikuwa Daktari Neema, binti mdogo, mpole, anayesalimia shikamoo kwa kuinama kweli. Alituita kwenye ukumbi mmoja pale Kasulu mjini: wapima mvua wa zamani, wakulima wa Makere na Kagerankanda, na watu wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jirani zetu. Akatueleza kwamba wanachunguza mabadiliko ya tabianchi katika nchi zinazopata mvua zake kwa pepo za msimu, na hawawezi kuchunguza kila kitu kila mahali. Fedha na watu havitoshi. Kwa hiyo kila eneo lichague kitu kimoja cha kuanzia. Akaweka mezani sahani tatu. Ya kwanza ilikuwa mvua kuchelewa kuanza. Ya pili, kiangazi kinachokatiza mvua katikati ya msimu. Ya tatu, mvua kubwa za siku moja. Kila mtu akapewa punje tano za maharage azigawanye kwenye sahani kadiri anavyoona. Sahani ya tatu ikishinda, wangeleta vipimo kwenye mabonde yetu na kuanzisha tahadhari ya simu, watu waondoke kabla maji hayajashuka bondeni. Isiposhinda, vipimo hivyo vitapelekwa kwingine, na sisi tungoje zamu ambayo hakuna aliyejua itafika lini.

Kabla ya kupiga kura akatuonyesha walichokipata kwenye madaftari yetu ya zamani. Akasema wamepitia la Makere na la Kitahana. La Kitahana ni zuri, ila lina mapengo mengi, kwa hiyo wameliweka pembeni. La Makere halina pengo hata moja kwa miaka yote, na ndilo watakalolitumia kwa ukanda wote huu. Akaomba nisimame. Ukumbi ukanipigia makofi.

Vijana, sitawaficha. Nilifurahi mpaka masikio yakawa ya moto. Nilimtafuta Anzelma kwa macho kuhakikisha anaona. Alikuwa safu ya pili, daftari lake lenye jalada lililopauka liko mapajani, naye anapiga makofi kama wengine. Nilitamani Salum na kalenda yake wawepo.

Daktari Neema akaendelea. Akasema kwa mujibu wa daftari la Mzee Filbert, mvua kubwa za siku moja hazijaongezeka Makere. Kwa kweli ni chache mno kuliko walivyotegemea. Kwa hiyo akatushauri, kwa heshima, tusipoteze punje nyingi kwenye sahani ya tatu.

Nyuma akasimama mtu wa makamo anayeitwa Papa Bahati, Mkongo wa Nyarugusu, anayesimamia kuchimba mitaro ya maji kambini. Akasema, "Samahani, Docteur. Mie niko hapa tangu zamani. Kulikuwa mvua moja ya dimanche, saa nane ya muchana. Maji iliingia mu manyumba, ikabeba masufuria na mashuka, watoto tuliwaweka juu ya mameza. Sasa munasema ile mvua haikukuwaka?"

Dimanche kwao ndiyo Jumapili, na haikukuwaka ni haikuwepo. Nilijua ni Jumapili ipi.

Daktari Neema akatafuta kwenye kompyuta yake, akaikuta wiki yenyewe. "Naiona, Papa," akasema. "Zilikuwa siku mbili mfululizo zenye mvua ya wastani. Huenda mitaro ilikuwa imeziba." Papa Bahati akabaki amesimama kidogo, akatazama punje zake, akakaa. Watu wakaanza kugeuka kunitazama, si kwa kunilaumu; walitaka tu nithibitishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyepima. Nikakohoa. Nikasema daftari ndilo linalosema. Kisha ikatangazwa chai.

Nilisimama na kikombe dirishani. Anzelma akaja, akanipa mkono. "Hongera, kaka," akasema, na hapakuwa na kejeli ndani yake. Laiti angenikejeli. Ningemjibu, tungegombana, ningepona.

"Mwalimu," nikamwambia, "ile mvua anayoisema huyu bwana. Wewe unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Ulinipigia."

"Nilisemaje?"

"Ulisema imezidi mia, saa nane mpaka saa kumi."

"Sasa mbona hukusema kitu pale ndani?"

Akapuliza chai yake. "Daftari ni lako, kaka. Nilingoja useme mwenyewe."

Hiyo ndiyo iliyonichoma. Aliyajua yote, na bado alinipigia makofi. Nikamchukia kwa dakika nzima, kwa sababu alikuwa amenipita tena, na safari hii bila hata kipimamvua. Nikawaza: nikinyamaza, jina langu litabaki, na wivu wangu utapata haki yake mara moja katika maisha. Nikawaza pia juu ya Mama Yustina na ule mlango. Kikombe kilikuwa bado kimejaa nilipokiweka chini.

Tuliporudi ndani sikuketi. Nikasema, "Daktari, hizo siku mbili za wastani ni mvua moja. Niliigawa mimi. Tazama Jumapili na Jumatatu zangu zote, utaona zinafanana kama pacha."

Akatazama. Alishuka kwenye kompyuta yake ukurasa baada ya ukurasa, na uso ukabadilika. Hakunifokea, na ningeona afadhali angefoka. Akasema taratibu, "Mzee, mvua kubwa ukiigawa mara mbili inakuwa mvua mbili za kawaida. Sisi tulizokuwa tunazitafuta ni hizo ulizozigawa."

"Nimekuelewa, mwanangu."

"Basi hatuna ushahidi wa mvua kubwa za Makere. Inabidi tuzifute siku hizo zote, na zikifutwa hatubaki na kitu cha kuwaambia wanaogawa vipimo."

Papa Bahati alikuwa amefumba mkono juu ya punje zake. Nikaona nimefanya ubaya mara mbili: kwanza kuiua ile mvua, na sasa kuizika. Hapo Anzelma akasimama na daftari lake lililopauka, akasogea mpaka mezani, akalifungua kwenye ile safu pana ya watu wenye maneno mengi, akasoma kwa sauti ya darasani:

"Makere, kwa simu, Jumatatu saa tatu na nusu. Imezidi mia, mvua ya jana Jumapili, ya mara moja, saa nane hadi saa kumi mchana. Chupa imefurika. Mama Yustina mzima. Kaka anaringa leo."

Ukumbi ulicheka mpaka Daktari Neema akaficha mdomo. Anzelma akafunua kurasa nyingine. Zilikuwemo zote, au karibu zote: kila mvua kubwa ya Makere, siku yake, saa yake, na mara nyingi mwishoni ameandika anaringa, anaringa sana, leo ameringa hadi salio likaisha. Siku za mvua ndogo hazikuwemo, kwa sababu siku hizo nilikuwa sipokei simu. Daktari Neema alikaa naye na lile daftari mpaka mchana, akinakili. Ulimi wangu ulikuwa umempimia mvua ambayo mkono wangu uliikataa, na uliyafanya hayo kwa sababu ya kijicho tu, si kwa wema.

Kura za punje zikapigwa. Papa Bahati alizimwaga zote tano kwenye sahani ya tatu, nami nikafanya hivyohivyo. Sahani ilijaa.

Mashine yenu mpya imesimikwa palepale kilipokuwa kipimamvua changu, na mabonde yamewekewa vipimo. Mwaka huu ujumbe wa tahadhari ulishafika mara moja, na jirani yangu alihamisha mbuzi wake mapema. Mshukuruni Anzelma. Kwenye ripoti yao wameandika kwamba mvua kubwa za Makere zimepatikana kutoka katika daftari la Kitahana. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko afya yangu inavyoruhusu. Mvua iliyoingia nyumbani kwangu, iliyolowesha maharage yangu, iko kwenye daftari la mtu mwingine, kwa mwandiko wake, pamoja na tabia yangu.

Kipimamvua cha zamani nimeruhusiwa kukiweka pembeni ya mashine, mita nane kutoka kwenye nyumba, ili kuihakiki, maana mashine nayo ina nyigu wake. Jumapili napima kwanza, ndipo naenda misa ya jioni, ambayo haina kwaya. Na Jumatatu bado tunapigiana simu.

Jumatatu iliyopita nilikuwa natoka kwenye homa. Nilimpigia nikiwa nimejifunika blanketi, daftari magotini.

"Mwakeye, Mwalimu," nikamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, kaka. Kwako ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na Jumapili?"

Rula ilikuwa mkononi. Ishirini na mbili inagawanyika vizuri sana.

"Sikupima," nikasema. "Homa. Hiyo ni ya siku mbili kwa pamoja."

Nikasikia anaandika. "Haya," akasema. "Nimekuandikia. Na wewe andika."

Nikaandika. Nilipomaliza nikaitazama ile nafasi tupu katikati ya namba zangu zilizonyooka, pengo langu la kwanza tangu nianze kazi hii, na sikuona kama limeliharibu daftari. Anzelma ana mapengo mengi, ya miaka mingi. Hayo nayo namwonea wivu.